Idadi Bora ya Wanafunzi Darasani: Suala la Hesabu au Suala la Siasa?

Swali la idadi bora ya wanafunzi katika darasa moja huulizwa mara kwa mara katika mafunzo ya itikadi na katika mijadala ya vyuo vya ualimu. Majibu yanayotolewa ni ya aina mbili. Jibu la kwanza husema kwamba idadi bora ni 45, kwa sababu ndivyo miongozo ya Serikali inavyoagiza kwa shule za msingi. Jibu la pili husema kwamba idadi si kitu: mwalimu hodari atafundisha hata watoto 100, na mwalimu mzembe atashindwa hata na watoto 10. Jibu la kwanza ni la mtu wa ofisini, na la pili ni la mtu wa jukwaani. Makala hii inakusudia kuyapinga yote mawili. Tutalikazania zaidi lile la pili, kwa kuwa hilo ndilo linalotuliwaza sisi wenyewe tulio katika Chama tunapokuta watoto wamejibana sakafuni na hatuna la kuwajibu wazazi wao.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akawataka wanachama wakosoane bila woga na bila chuki. Hatuoni kwa nini darasa la kwanza la shule ya kijijini liwe nje ya wajibu huo.

Idadi ina historia yake

Hapana idadi ya wanafunzi iliyoshuka kutoka mbinguni. Kila idadi imewekwa na watu, kwa wakati fulani, kwa fedha fulani, kwa ajili ya watoto wa tabaka fulani. Mwaka 1798 kijana Mwingereza, Joseph Lancaster, alianza kufundisha watoto wa maskini mjini London. Karibu wakati uo huo Andrew Bell, aliyekuwa akisimamia nyumba ya watoto yatima huko Madras, India, alitangaza utaratibu unaofanana na wake. Mwalimu mmoja alikaa mbele ya ukumbi mmoja wenye mamia ya watoto. Akawafundisha viranja, na viranja wakawakaririsha wenzao safu kwa safu, kengele ikilia, kila mtu akigeuka kwa amri. Lancaster alijivuna kwamba kwa njia hiyo mwalimu mmoja angeweza kuwafundisha watoto 1,000.

Matajiri wa Uingereza waliusifu sana utaratibu huo, na haikuwa ajabu. Ulikuwa rahisi kwa gharama, na ulimzoesha mtoto wa mfanyakazi kutii kengele kabla hajaingia kiwandani. Lakini matajiri hao hao hawakuwapeleka watoto wao katika kumbi za Lancaster. Watoto wao walikuwa na walimu wao, wachache kwa wachache, kama zamani. Nadharia ya kwamba idadi si kitu ilizaliwa hapo: ilikuwa nadharia ya watu wanaozungumza juu ya watoto wa watu wengine.

Hapa kwetu mkoloni alitumia hesabu ya namna hiyo kwa rangi. Mpaka mwisho wa 1961 Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na fedha iliyotumika kwa mtoto mmoja wa kundi moja haikukaribiana na ile ya mtoto wa kundi jingine. Kuanzia Januari 1962 ubaguzi huo uliondolewa kisheria. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba sheria iliondoa mlango wa rangi tu. Mlango wa fedha ulibaki. Leo mwenye uwezo humpeleka mwanawe katika shule ya kulipia ambamo watoto 25 au 30 wamekaa na mwalimu wao, na jioni kada huyo huyo husimama katika mkutano wa kata akasema kwamba wingi wa watoto darasani ni visingizio vya walimu. Hatumkatazi mtu kumsomesha mwanawe. Tunasema tu kwamba ushahidi wake juu ya darasa la watoto 100 una upungufu, maana hana mtu wake humo ndani.

Tafiti zinasema nini

Watu wanaosema idadi si kitu hupenda kutaja tafiti, lakini mara nyingi hutaja nusu. Tuzitazame tatu.

Ya kwanza ilifanywa katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia 1985 hadi 1989, katika shule 79 na kwa watoto zaidi ya 11,000, tangu chekechea hadi darasa la tatu. Watoto na walimu waligawanywa kwa kura, mtu yeyote asiweze kuchagua kundi lake. Madarasa mengine yalikuwa na watoto 13 hadi 17, mengine 22 hadi 25, na mengine 22 hadi 25 pamoja na msaidizi wa mwalimu. Waliokaa katika madarasa madogo waliwashinda wenzao kwa kusoma na kwa hesabu. Watoto wa maskini na watoto Weusi walifaidika zaidi. Msaidizi aliyeongezwa katika darasa kubwa hakuleta tofauti ya maana. Jambo hili la mwisho liwafikie wale wanaodhani kwamba dawa ya darasa kubwa ni kumwongezea mwalimu mtu wa kugawa madaftari.

Ya pili ni ya California, na kwa kweli haikuwa jaribio, ilikuwa sera. Mwaka 1996 jimbo hilo, likiwa limevutwa na habari za Tennessee, liliamua kupunguza madarasa ya awali kutoka watoto 30 hivi hadi 20, kila mahali na kwa haraka. Madarasa yakaongezeka ghafla na walimu wakatakiwa kwa maelfu. Shule za mitaa ya wenye nacho zikafungua nafasi nzuri, na walimu wenye uzoefu wakazikimbilia. Shule za maskini zikajazwa watu wasiokuwa na sifa kamili za ualimu. Idadi ilishuka kote, lakini mtoto wa maskini alipata darasa dogo lenye mwalimu ambaye hajui kazi.

Ya tatu iko karibu nasi. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005, kamati za wazazi katika baadhi ya shule zilizochaguliwa kwa kura zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza kwa mkataba. Wastani wa darasa ulishuka kutoka watoto 82 hadi 44. Kwa mujibu wa waraka wetu hapo tungesema kazi imekwisha, maana 44 ni pungufu ya 45. Lakini watoto waliobaki na mwalimu wa serikali hawakuonyesha maendeleo ya kutajika; waliofundishwa na mwalimu wa mkataba, ambaye wazazi walikuwa wakimfuatilia na kumhoji, walisonga mbele. Baadhi ya walimu wa serikali walipoona mwenzao amekuja walilegeza kamba, wakaingia darasani mara chache zaidi.

Utafiti huu wa Kenya umekwisha kutumiwa vibaya. Wako waliosema: basi tuajiri walimu wa mikataba kwa malipo madogo, mambo yatakuwa mazuri. Huo ni unyonyaji uliovikwa joho la sayansi. Ulipofanyika mpango mpana wa walimu wa mkataba nchini humo, shule zilizosimamiwa na Serikali yenyewe hazikuona manufaa, ingawa mishahara ilikuwa midogo vile vile. Kilichowasaidia watoto wale wa mwanzo ni usimamizi wa wazazi, yaani umma uliojua mwalimu yuko wapi saa 2 asubuhi. Umaskini wa mwalimu haujawahi kumfundisha mtoto kusoma.

Kwa hiyo tafiti hizi haziungi mkono jibu la mtu wa jukwaani, na wala haziungi mkono jibu la mtu wa ofisini. Zinaonyesha kwamba darasa dogo ni nafasi, na nafasi hiyo hutumika au hupotea kwa kutegemea nani ameingia ndani yake, na nani anamtazama. Zinaonyesha pia kwamba nafasi hiyo ina thamani kubwa zaidi kwa mtoto mdogo na kwa mtoto wa maskini. Tutashika jambo hilo mpaka mwisho.

Uwiano si darasa

Hapa tunafika kwenye kosa ambalo tunaliona ni kubwa kuliko yote katika taarifa zetu. Mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 ni uwiano, nao si ukubwa wa darasa. Uwiano hupatikana kwa kuchukua watoto wote wa shule na kuwagawa kwa walimu wote wa shule. Darasa ni watoto waliokaa mbele ya mwalimu mmoja kwa saa hiyo. Mambo haya mawili yanaweza kupishana kama usiku na mchana, na taarifa ikasomwa katika kikao, ikapigiwa makofi.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila mwenye kuzijua shule zetu atauona kuwa si mgeni. Shule ina watoto 315 na walimu 7. Uwiano ni 1 kwa 45 kamili; Afisa Elimu hana la kulalamika. Tuingie ndani. Darasa la kwanza lina watoto 85, la pili 65, la tatu 50, la nne 40, la tano 30, la sita 25, la saba 20. Wamepungua wakipanda, kwa sababu wale wa chini waliandikishwa kwa wingi baada ya ada na michango kuondolewa, na kwa sababu wengine wameanguka njiani. Kila darasa lina mwalimu mmoja. Sasa hesabu inasema hivi: watoto 200 kati ya 315, karibu thuluthi mbili, wamekaa katika darasa linalozidi 45. Shule imetimiza mwongozo, na watoto wake wengi hawajauona mwongozo huo.

Tuendelee. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu akiamua kumfikia kila mtoto, asipoteze hata dakika moja kwa kuita majina, kila mtoto kati ya 85 atapata sekunde 21. Katika darasa la saba kipindi ni dakika 40. Kila mtoto kati ya 20 atapata dakika 2. Yule anayejua kusoma amepata karibu mara 6 ya yule asiyejua bado kushika penseli. Mwalimu yule wa darasa la kwanza akisahihisha kila daftari kwa dakika 2 tu, atahitaji karibu saa 3 kwa somo moja. Hawezi. Kwa hiyo hutia alama ya vema bila kusoma, au huwaambia watoto wasahihishane, nao hawajui. Mtoto aliyeandika herufi kinyumenyume Januari ataiandika kinyumenyume Juni, naye hakuambiwa. Tunakariri tena na tena katika hotuba zetu kwamba KKK ndiyo msingi. Tangu 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni mtaala mzuri. Lakini mtaala hauwezi kuzirefusha sekunde 21.

Kwa nini shule huwaweka watoto 85 chini na 20 juu, kisha ikampa darasa la saba mwalimu wake hodari kuliko wote? Tusimlaumu mwalimu mkuu upesi. Yeye hupimwa kwa darasa la saba. Akiitwa wilayani, haulizwi ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaosoma sentensi. Huulizwa ni wangapi waliofaulu mtihani wa mwisho. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, ulizipanga shule kwa ngazi kwa matokeo ya mtihani, na ingawa mpango huo ulikuwa pia na mambo ya KKK, kilichokumbukwa ni ngazi. Tangu 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Tunaliunga mkono. Hata hivyo, fikra ya kumtazama mtoto kama tarakimu ya ufaulu haifi kwa tangazo. Imekaa ndani ya vikao vyetu.

Mawimbi matatu

Wapinzani wa Azimio la Musoma husema kwamba Chama kiliua ubora wa elimu kwa kujaza madarasa. Hatukubali. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977, badala ya kungoja 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Mtu anayeuponda uamuzi huo hana budi kutuambia angewaacha nje watoto gani kwa miaka 12. Mtoto aliye nje ya shule hana darasa kubwa wala dogo. Na walimu walitafutwa: vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini mwao, wakifundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu iliyobaki, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa waratibu waliowatembelea. Zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Wajanja wa mjini waliwaita walimu wa UPE kwa dharau. Wengi wao ndio waliowafundisha wajanja hao kusoma.

Upungufu tunaouona uko kwingine. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, na baadaye masharti ya wakopeshaji viliibana Serikali wakati walimu wale walipohitaji vitabu, nyumba na mafunzo ya kuongeza ujuzi. Ada na michango ikarudi, na katika miaka ya 1990 sehemu ya watoto walioandikishwa ikateremka. Wimbi la pili lilikuja na MMEM kuanzia 2002, ada ilipofutwa. La tatu likaja Januari 2016, michango nayo ilipoondolewa. Mara zote mbili watoto walimiminika darasa la kwanza. Mara zote mbili tulianza na majengo, walimu wakafuata nyuma wakichechemea. Wakati wa MMEM mafunzo ya ualimu chuoni yalikatwa yakawa mwaka 1, na mwaka wa pili ukawa wa mazoezi shuleni. Kwa shule za kata waliletwa wale vijana wa mafunzo ya mwezi mmoja ambao mitaani walibandikwa jina la vodafasta. California walifanya kosa hilo wakiwa matajiri. Sisi tulilifanya tukiwa maskini, na maskini hulipa zaidi.

Kwa nini majengo kwanza? Tuseme ukweli: jengo huzinduliwa. Lina utepe, lina jiwe la msingi lenye jina, linapigwa picha. Mwalimu aliyehamishiwa shule ya mpakani akakubali kukaa miaka 5 hana utepe. Mwishoni mwa 2021 fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kazi ile ilikuwa kubwa, na watoto wa kidato cha kwanza wa Januari 2022 walipata mahali pa kukaa. Hatuibezi. Tunauliza tu kwa nini kila mara fedha inapopatikana, sehemu ndogo ndiyo hushuka kwa mtoto wa miaka 7, ambaye tumekwisha kuona kwamba darasa dogo lingemfaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kutoa pendekezo, neno moja juu ya zamu mbili, maana dawa hiyo hutajwa sana. Zamu mbili hupunguza watoto darasani kwa kumzidisha mwalimu: 85 wamekuwa 43 asubuhi na 42 mchana, na mwalimu ni yule yule, amechoka. Pale ambapo vyumba havitoshi lakini walimu wapo, zamu inafaa. Pale ambapo walimu ndio hawapo, zamu ni kuficha upungufu ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Kuigeuza piramidi

Msimamo wetu ni huu. Tusingoje siku ambayo kila darasa nchini litakuwa na watoto 45. Siku hiyo ni njema, nayo idaiwe katika bajeti ya ajira kila mwaka. Lakini kwa walimu tulio nao leo, tuanze kuwagawa upya kutoka chini. Turudi katika shule yetu ya mfano. Darasa la sita lina 25, la saba 20. Wakiunganishwa wanakuwa 45, ile ile idadi ya mwongozo, na mwalimu mmoja na chumba kimoja vinapatikana. Mwalimu huyo, na awe yule hodari, alichukue darasa la kwanza na kuligawa mikondo miwili, mmoja wa watoto 43 na mwingine wa 42. Sekunde 21 zimekuwa 42 hivi. Hakuna shilingi iliyoongezwa.

Tunajua kelele zitakazopigwa. Mihtasari ya sita na saba si mamoja, na mwalimu wa madarasa yaliyounganishwa atalazimika kuandaa maandalio mawili ya somo. Ni kweli, ni kazi ngumu, na haiwezekani kwa kila kipindi. Hisabati, kwa mfano, ibaki peke yake, na kwa saa hiyo mikondo ya darasa la kwanza irudi pamoja kwa michezo au nyimbo. Wazazi wa darasa la saba watasema watoto wao wametolewa kafara. Nao waelezwe wazi kwamba kwa miaka mingi waliokuwa wakitolewa kafara ni wale 85, na wengi wa hao hawakufika darasa la saba ili wazazi wao wapate la kulalamikia. Ufaulu wa shule unaweza kushuka mwaka mmoja au miwili. Kamati ya Siasa ya Kata isiyokuwa tayari kumkinga mwalimu mkuu katika miaka hiyo miwili isimwagize ajaribu.

Hatusemi kila shule ifanye hesabu hii hii. Ziko shule za mjini zenye watoto 200 katika darasa la kwanza peke yake, ambako hata kuunganisha hakuokoi kitu. Hizo zinahitaji walimu wapya na mikondo mipya. Ziko shule shikizi zenye watoto 60 tu na mwalimu mmoja anayezunguka madarasa matatu. Kwa taarifa darasa lake ni dogo, kwa kweli yeye ndiye mdogo. Huko kinachodaiwa ni mwalimu wa pili, na nyumba ya kumweka.

Jambo linalowezekana kila mahali, tena kuanzia kikao kijacho cha tawi, ni kubadili taarifa. Ikama isisomwe kwa uwiano wa shule pekee. Isomwe kwa mkondo: darasa la kwanza A watoto wangapi, B wangapi, mwalimu nani, ana miaka mingapi kazini, na katika mwezi uliopita aliingia darasani siku ngapi. Kamati ya shule ithibitishe, kwa sababu wazazi ndio wanaojua siku hizo. Katibu akisoma 1 kwa 45 na kuketi, mwanachama yeyote anyooshe mkono aulize habari za darasa la kwanza, na kikao kisiendelee na ajenda inayofuata mpaka namba hiyo imetajwa.